Muulize Shangazi wa Msimbo: "Hitilafu hii nikiirekebisha, nitamvunjia nani?"

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: lugha ya programu ikibadili tabia yake, zile programu zilizokwisha kuandikwa zinapona vipi? Nimechagua sita. Na nyinyi mnaonitumia picha za skrini zilizopigwa kwa simu, nakilini maandishi tafadhali. Macho ya shangazi yenu si yale ya zamani.

Shangazi, shikamoo. Kazini kwetu tuna lugha ndogo ya kuandikia kanuni za ripoti. Aliyeitunga ameshahama, nami ndiye niliyeirithi. Ndani yake 7 / 2 inatoa 3, kwa sababu mtungaji alifuata desturi ya lugha ya C. Wanaoandika kanuni ni wahasibu, si waprogramu, na kila mara mmoja wao hunaswa na jambo hilo. Nataka itoe 3.5. Meneja wangu anasema nikigusa alama hiyo nitaharibu kanuni zilizopo, na ziko mia kadhaa. Mimi naona hitilafu ni hitilafu, irekebishwe. Nani yuko sahihi? — Mrithi

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuamua ugomvi wenu, zifungue hizo kanuni uone zimebeba nini. Nyingi hazitakuwa na mgawanyo wowote. Chache zitakuwa zimeandikwa na mtu aliyenaswa, naye ana haki ya kulalamika. Halafu lipo kundi la tatu, lile linalomnyima meneja wako usingizi: kanuni kama siku / 7, iliyoandikwa na mtu anayehesabu wiki zilizotimia. Huyo anaitaka 3, hataki 3.5. Anaitegemea hiyo unayoiita hitilafu, na pengine hajui kwamba anaitegemea.

Ukibadili alama leo, kanuni yake haitakataa kufanya kazi. Ripoti itatoka kwa wakati, imepangwa vizuri, ikiwa na tarakimu nyingine. Mimi katika mabadiliko yote ya lugha hili ndilo ninaloliogopa. Programu ikigoma kuanza, mtu atakasirika, ataipigia simu ofisi yako, na kabla ya jioni mtakuwa mmemaliza. Ikijibu kwa utulivu jibu tofauti na la jana, hakuna atakayepiga simu.

Tazama lugha ya Python, maana walipita njia hiyohiyo. Katika Python 2, 1 / 2 ilikuwa 0. Katika Python 3 ni 0.5. Toleo hilohilo la 3.0, lililotoka Desemba 2008, lilibadili pia print, ambayo zamani iliandikwa bila mabano na sasa ikawa funksheni ya kawaida. Kelele nyingi zilikuwa za print. Lakini print ilikuwa shida nyepesi: faili la zamani lilikataliwa kabla hata halijaanza, na chombo kinachoitwa 2to3 kiliweka mabano chenyewe. Mgawanyo chombo hicho hakikuugusa, na hakingeweza. Ukiona a / b kwenye ukurasa huwezi kujua kama a na b zitakuwa namba kamili au za desimali. Hilo linajulikana programu ikishaanza kukimbia.

Kwa hiyo wenyewe walianza mapema. Mwaka 2001, katika Python 2.2, walileta alama ya // kwa ajili ya anayetaka namba kamili, na katika toleo hilohilo wakamruhusu anayetaka tabia mpya aandike juu ya faili lake from __future__ import division. Zingatia mpangilio wao. Kwanza kila mtu alipewa namna ya kusema waziwazi anachokitaka, na msimbo wa zamani ukaachwa ulivyo. Kubadili chaguo-msingi, yaani tabia anayoipata asiyesema kitu, kulikuja miaka saba baadaye.

Nawe anza hivyo. Ongeza // leo, usiiguse /. Ila hapa kuna mtego ambao wengi huukanyaga: // ya Python huteremka kuelekea chini, kwa hiyo -7 // 2 ni -4. C tangu kiwango cha 1999 hukata kuelekea sifuri, na -7 / 2 inatoa -3. Lugha yako ni mtoto wa C. Ukinakili // ya Python kisha ukabadilisha kila / ya zamani kuwa //, utakuwa umezivunja kanuni zote zenye namba hasi, ukiamini umezilinda. Alama yako mpya ifanye kilekile kilichokuwa kikifanywa na ile ya zamani, hata kama kuna jirani anayefanya vizuri zaidi.

Baada ya hapo, mwambie mfasiri wa lugha yako (ile programu inayoziendesha kanuni) aandike kwenye faili la kumbukumbu kila mahali ambapo / imegawa namba kamili mbili na kuacha baki. Aache hivyo hadi mfunge hesabu za mwaka, kwa sababu zipo kanuni zinazoamka siku hiyo tu. Python 2 ilikuwa na swichi ya namna hii, -Qwarn. Zile zisizoacha baki usizidharau moja kwa moja: katika Python 3, 6 / 2 ni 3.0 wala si 3, na kuna programu zilizoanguka kwa sababu 3.0 haikubaliki pale inapotakiwa nafasi ya kitu ndani ya orodha. Angalia ripoti zako zinavyochapa namba.

Mwisho, kila faili libebe alama ya zama zake. Mstari mmoja juu: kanuni hii imeandikwa kwa toleo la pili. Na faili lisilo na alama lihesabiwe kuwa la kale. Watu hulikosea hili mara kwa mara. Hutaka asiyesema kitu apewe kipya, kwa kuwa kipya ndicho wanachokipenda. Lakini faili la zamani haliwezi kujitambulisha kuwa ni la zamani, kwa sababu lilipoandikwa alama haikuwepo. Watu wa lugha ya Rust wanafanya vizuri hapa. Mradi usiotaja edisheni yake, yaani alama ya zama inayoitwa kwa mwaka, huchukuliwa kuwa wa 2015, mwaka lugha hiyo ilipofikia 1.0, na chombo cha kuanzishia mradi mpya ndicho kinachoandika edisheni ya karibuni bila mtu kukumbuka. Mhasibu wako akibonyeza "kanuni mpya", mstari uwe tayari umo.

Watu wa lugha ya Go nao walifanya hivyo. Tangu toleo la 1, Machi 2012, waliahidi kwamba programu iliyoandikwa kwa Go 1 itaendelea kufanya kazi. Hata hivyo Februari 2024, katika Go 1.22, walibadili maana ya kitanzi cha for, kauli inayorudia kazi: zamani kigeu kimoja kilitumika kwa mizunguko yote, sasa kila mzunguko una cha kwake. Waliona tabia ya zamani inaumiza wengi kuliko inaowasaidia. Hitilafu ya aina hiyo ndiyo iliyosababisha shirika la Let's Encrypt, mwaka 2020, watangaze kubatilisha vyeti zaidi ya milioni 3 vya usalama wa tovuti. Lakini hata kwa sababu nzito kiasi hicho, tabia mpya inaipata tu moduli ambayo faili lake la go.mod limetaja 1.22 au zaidi. Unaweza kuwa na kompaila (programu inayoutafsiri msimbo) ya leo na msimbo wa juzi, na msimbo huo ukabaki na maana yake ya juzi.

Kwa meneja usiende na hoja za hitilafu ni hitilafu. Mpelekee ile kumbukumbu, mwoneshe ni kanuni zipi hasa zina baki, na umwachie yeye achague siku.

Shangazi, haya mambo ya alama na zama si yanaacha uchafu milele? Kwa nini watu wasivunje kila kitu mara moja, waumie, wapone? — Asiyependa Viraka

Uchafu unabaki, sikatai. Kompaila ya Rust inabeba edisheni nne sasa, 2015, 2018, 2021 na 2024, na kuna watu wanaolipwa kuhakikisha zote nne zinafanya kazi. Ni gharama.

Lakini hesabu na gharama ya upande wa pili. Python 3 ndilo jaribio kubwa tulilonalo la kuvunja mara moja. Python 2 ilipangiwa kufungwa 2015. Mwaka 2014 wakatangaza kuisogeza hadi 2020, kwa sababu watu hawakuwa wamehama. Tangu 3.0 itoke hadi siku ya kufunga ilikuwa miaka 11, na muda wote huo jamii nzima ilikuwa inaandika maktaba zake (misimbo ya kutumiwa na programu nyingine) ili ziendeshwe na lugha mbili.

Ninavyoona mimi, shida haikuwa wingi wa mabadiliko. Shida ilikuwa kwamba programu ya Python 3 haikuweza kutumia maktaba ya Python 2 ndani ya mchakato mmoja. Ukitumia maktaba 20, na 19 zimeshahama, wewe bado umekwama kwa ajili ya ile moja, na mwenye ile moja anasema hahami kwa kuwa watumiaji wake hawajahama. Kila mtu anamngoja mwenzake mlangoni. Katika Rust, maktaba ya edisheni ya 2015 na programu ya edisheni ya 2024 zinaunganishwa na kukimbia pamoja bila ugomvi, kwa hiyo kila mwenye nyumba anahama kwa wakati wake.

Kilichofungua mlango wa Python hatimaye ni kurudisha baadhi ya vitu vya kale. Toleo la 3.0 lilikuwa limeondoa herufi u inayotangulia maandishi, u'habari', kwa sababu maandishi yote sasa yalikuwa ya Unicode, mfumo wa herufi za lugha zote, na herufi hiyo haikuwa na kazi. Mwaka 2012, katika 3.3, wakairudisha, bado ikiwa haina kazi yoyote. Kazi yake ilikuwa moja tu: faili lilelile lisomeke pande zote mbili. Wewe usiyependa viraka ungeiita kiraka. Mimi naona ni katika maamuzi ya busara kuliko yote waliyofanya.

Habari Shangazi. Kwa nini katika JavaScript typeof null bado inatoa "object" wakati kila mtu anajua ni kosa? — Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Nzuri, mwanangu. Kosa hilo, la null (yaani hakuna kitu) kuitwa kitu, lina umri wa lugha yenyewe, 1995. Iliwahi kupendekezwa lisahihishwe, na pendekezo likakataliwa kwa kuwa lingevunja tovuti zilizopo.

Kumbuka kwamba nilimwambia Mrithi kila faili litaje zama zake. Ukurasa wa wavuti hautaji. Kivinjari cha mwaka huu kinaufungua ukurasa wa 1999 ambao mwenyewe ameshausahau, na unatakiwa ufanye kazi. Hakuna wa kumwandikia onyo.

Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hili, soma habari ya flatten. Mwaka 2018 vivinjari vilitaka kuongeza njia ya kulainisha orodha zilizo ndani ya orodha, na jina la kawaida ni flatten. Kuongeza si kuvunja, utasema. Basi kulikuwa na maktaba ya zamani, MooTools, iliyokuwa ikiongeza flatten yake yenyewe kwenye orodha, kisha inapita kwa kitanzi juu ya njia zote inazoziona na kuzinakili kwenye orodha zake za vipengele vya ukurasa. Njia zinazokuja na kivinjari hazionekani kwenye kitanzi cha aina hiyo, na zinabaki hivyo hata zikiandikwa upya. Kwa hiyo flatten ilipozaliwa ndani ya kivinjari, kitanzi cha MooTools kiliiruka, haikunakiliwa, na tovuti zikaanguka. Mtu mmoja akatania kwamba iitwe smoosh, watu wakagombana kweli, na mwishowe jina likawa flat. Kwa sababu ya maktaba hiyohiyo, kabla ya hapo, contains ililazimika kuwa includes.

Pale walipofanikiwa kubadili tabia, walitafuta mlango ambao msimbo wa kale haujawahi kuupita. Mwaka 2009 walileta maandishi "use strict", ambayo kivinjari cha zamani huyaona kama maandishi matupu, huyasoma na kuyatupa; cha kisasa huyaona na kuwa kikali, yaani hukataa baadhi ya makosa yaliyokuwa yakivumiliwa. Baadaye zilipokuja moduli, zikawa kali zote bila kuambiwa, kwa sababu hakukuwa na moduli hata moja ya kale ya kuvunja. Ukikutana na swali hili kwenye mtihani, andika habari ya moduli. Wengi huisahau.

Shangazi, tumepandisha toleo la lugha, na majaribio yaliyokuwa yakipita yote sasa yanaanguka, tena si yaleyale kila mara. Tumesoma maelezo ya toleo jipya neno kwa neno. Hakuna kilichoondolewa. Tunamlaumu nani? — Timu iliyochoka

Poleni wanangu. Tafuteni mpangilio. Mahali fulani mnategemea vitu vije kwa zamu fulani, na hakuna aliyewahi kuwaahidi zamu hiyo.

Java 7 ilipotoka mwaka 2011, mashine inayoendesha programu za Java ilianza kurudisha njia za darasa kwa mpangilio tofauti na uliozoeleka. Maelezo rasmi yalikuwa yakisema siku zote kwamba mpangilio huo hauna uhakika. Lakini majaribio mengi yalikuwa yakitegemeana kwa siri: la kwanza linajaza data, la pili linaikuta. Yalipochanganywa, yakaanguka. Toleo hilohilo lilibadili njia ya kupanga orodha, na programu zilizokuwa na kilinganishi chenye kasoro, zikikimbia kimya kwa miaka, zikaanza kutupa kosa la "Comparison method violates its general contract!"

Mhandisi Hyrum Wright ana kanuni iliyopewa jina lake: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia ya mfumo inayoweza kuonekana itakuwa na mtu anayeitegemea, bila kujali mkataba unasema nini. Mimi naikubali kanuni hiyo, na kwa hiyo nawapenda waamuzi wa Go, ambao huvuruga makusudi mpangilio wa ramani (hifadhi ya jozi za ufunguo na thamani) kila unapoipitia, tangu Go 1. Mtu hawezi kuzoea kisichozoeleka. Python walianza upande huo na kuishia upande mwingine. Katika 3.3 walivuruga heshi (namba zinazoamua ufunguo uwekwe wapi) kwa chaguo-msingi, kwa ajili ya usalama, maana washambuliaji walikuwa wamegundua namna ya kuilemea seva kwa funguo zinazogongana. Halafu katika 3.7 wakaahidi rasmi kwamba kamusi, ndiyo ramani yao, itahifadhi mpangilio wa kuingiza. Ahidi au vuruga, yote mawili sawa kwangu. Anayeacha mpangilio uonekane thabiti huku akiandika kwa herufi ndogo kwamba si thabiti ndiye anayewachosha watu kama nyinyi.

Kwa leo: endesheni kila jaribio peke yake. Lile linaloanguka likiwa peke yake lilikuwa linakula chakula cha mwenzake. Halafu tafuteni kila mahali mnapolinganisha maandishi yaliyotokana na seti au ramani, mpange kwanza ndipo mlinganishe.

Shangazi, natunga lugha yangu na nataka kuongeza neno jipya la akiba, lile ambalo lugha hujiwekea lisitumike kama jina. Tayari kuna watumiaji kadhaa. Nifanyeje? — Mtunzi

Tafuta kwanza kama wamelitumia neno hilo kama jina. Python 3.7 ilipofanya async kuwa neno la akiba, maktaba zilizokuwa na kigezo chenye jina hilo ziligoma kusomeka. Walijifunza: match, iliyokuja katika 3.10, ni neno la akiba pale tu linapoanza kauli ya aina yake, na kwingine unaweza kukiita kigeu chako match bila tabu. Java walifanya vilevile na var katika Java 10. Kama msarifu wako wa sintaksia (sehemu inayochambua sentensi za msimbo) hawezi kutofautisha, fanya kama Rust: mpe mtu namna ya kuandika jina la zamani kwa kulitolea alama, r#async, ili aweze kuiita maktaba ya kale ambayo hawezi kuibadili. C++ wao walichagua kuweka co_await, jina ambalo halikuwa na mwenyewe. Linakera macho, lakini halijavunja nyumba ya mtu.

Meneja ametuamuru tuzime maonyo yote ya vitu vinavyokaribia kuondolewa, eti yanajaza kumbukumbu. Je, ni sawa? — Msomaji

Inategemea nani anayasoma. Lugha ya Ruby, toleo la 2.7, ilitoa maonyo mengi kuhusu vigezo vyenye majina kabla ya mabadiliko ya 3.0, na mengi yalitoka ndani ya maktaba za watu wengine ambazo msomaji hakuwa na uwezo wa kuzigusa. Katika 2.7.2 wakayazima kwa chaguo-msingi. Python nao huyaficha kwa mtumiaji wa kawaida, ila tangu 3.7 huyaonesha yakitoka kwenye faili lile unaloliendesha mwenyewe, na vyombo vya majaribio kama pytest huyaonesha yote.

Fanyeni hivyo. Kwenye seva yazimeni, meneja apumue. Kwenye majaribio yageuzeni kuwa makosa, kwa msimbo wenu tu, na yale ya maktaba za nje yaandikeni kwenye orodha ya kazi mkitaja jina la maktaba na toleo litakalokiondoa kitu hicho. Kwa Python ni swichi moja, -W error::DeprecationWarning, lakini itakamata na ya maktaba. Tumieni vichujio vya pytest kuipunguza kwa jina la moduli.